Nilikata kilo 27, afu nikaanza kuogopa sahani

Kibongobongo ukinenepa unaambiwa umependeza, mambo yako yamenyooka. Ukikonda watu wanashusha sauti. Mimi nlikata kilo 27, kutoka 103 mpaka 76, miezi kumi na nne, na urefu wangu ni sentimita 172 kwa hiyo sikukosea kitu, presha imeshuka, magoti yameacha kunilalamikia nikipanda ngazi za kazini, lakini nilipoenda Tanga msibani mama mdogo alinivuta nyuma ya nyumba kule kwenye karo akaniuliza taratibu, "mwanangu, unatumia dawa? Usifiche, siku hizi watu wanazitumia na wanaishi miaka na miaka." Mi nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa kilichoniuma sio yale maneno. Kilichoniuma ni kwamba usiku ule nlivua shati mbele ya kioo nikaona kwa nini kaniuliza. Mabega yamechongoka, mikono kama ya mtoto wa darasa la sita, kifua kimeingia ndani, afu hapo katikati kitambi bado kipo, kidogo ila kipo, laini laini kama mkate uliolowa chai. Yani sikuwa bonge tena ila mwili nao sina, nlikuwa bonge aliyepunguzwa saizi.

Nlikuja kuelewa baadaye. Ukikata uzito kwa kujinyima na kutembea tu, bila kunyanyua kitu chochote kizito, hayaondoki mafuta peke yake, na nyama yako mwenyewe inaenda humo humo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kama robo ya kilo unazopoteza sio mafuta, kwa hiyo kwangu mimi hapo ni kilo sita saba hivi nimezitupa pamoja na kitambi. Protini nlikuwa nakula kiduchu sana, asubuhi chai kavu na kiazi kitamu kimoja, mchana matunda, usiku kachumbari na kipande cha samaki kama yupo. Mizani inashuka nafurahi. Mizani haikwambii inashusha nini.

Basi nikajiunga jimu ya mtaani hapa Tabata, zile za uani kwa mtu, mabati juu, redio inapiga singeli kuanzia saa kumi na moja jioni, vyuma nusu ni vya dukani na nusu ni vya kutengeneza, makopo ya rangi ya lita nne yamejazwa zege na kuchomekwa bomba katikati, kopo moja hilo ni kilo tisa na kitu. Usiyadharau. Pushapu siku ya kwanza nlipiga nne, ya tano nikalala kifudifudi vijana wakapiga makofi.

Miezi miwili mizima nikawa naenda siku nne kwa wiki na sibadiliki. Yule mzee anayesimamia pale, sisi tunamwita kocha ingawa kazi yake hasa ni fundi welding, akaniuliza swali moja tu: "unakula nini?" Nikamtajia. Akaniangalia kama mtu anayetaka kujenga ghorofa na kaja na mfuko mmoja wa saruji.

Na hapa niseme ukweli ambao watu waliokata uzito wataunga mkono: nlikuwa naogopa kula. Sio utani. Mwaka na zaidi nimejifundisha kwamba kushiba ni dhambi, nikishiba nalala na hatia, asubuhi nakimbilia mizani hata sijanawa uso. Nguo zangu za zamani nilizigawa zote, nikawa nawaza nikinenepa tena nitavaa nini na watu watasema nini. Kwa hiyo mtu anakwambia "ongeza chakula" na wewe kichwani unasikia "rudi kilo 103". Mazoezi hayakunisumbua kama hicho kitu, na sijaona watu wakikizungumzia, wanakupa orodha ya vyakula basi.

Nlivyokubali kula, nikakosea upande wa pili. Vijana pale jimu walinishauri nile kila kinachopita, wanasema mwili utajua wenyewe pa kukipeleka. Nikawa nikitoka mazoezi napitia kwa jamaa wa chipsi, chipsi mayai na mishkaki miwili na soda, kila jioni, na ile sahani ukihesabu na mafuta yake inaweza kukaribia kalori elfu kabla hujagusa soda. Miezi miwili nimepanda kilo sita. Nikajisifu nimejaa, mpaka siku ya kuvaa mkanda wa suruali ndo nikaona kilo zilikoenda. Mwili una spidi yake ya kujenga nyama, ukiulisha zaidi ya hapo hauongezi spidi, unaweka akiba, na akiba ya mwanaume inawekwa tumboni.

Nikanunua na kopo la unga wa protini, laki na themanini, kwa kijana mmoja aliyekuwa anawauzia watu pale. Tumbo likachafuka wiki nzima, naunguruma kazini kama jenereta. Ile protini inatoka kwenye maziwa na baadhi yake ina sukari ya maziwa ndani, na watu wazima wengi huku kwetu hatuna tumbo la kuisaga vizuri. Ndo maana maziwa fresh yananisumbua lakini mtindi hapana, kwa sababu kwenye mtindi wale bakteria wameshaila sehemu ya ile sukari kabla yangu. Siwasemi wanaotumia hizo unga, kama tumbo linakubali na hela ipo sawa, ila nlipiga hesabu kwamba lile kopo ni sawa na trei kumi na tano za mayai na chenji inabaki, roho ikaniuma.

Ndo nikakaa chini na daftari. La mraba, la mtoto, nililiiba kwenye begi lake.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mtu anayenyanyua vyuma na anataka kujenga, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku inatosha vizuri, wengine wanaenda mpaka 2.2 ila mi sikuona sababu. Wakati huo nlikuwa nimejishusha tena mpaka kilo 78, kwa hiyo 78 mara 1.6 ni kama gramu 125. Kalori, nlikuwa nimeshajichunguza wiki tatu kwa kuandika kila kitu nikaona nikila kama 2,400 uzito unasimama palepale, basi nikaongeza 250 tu juu yake. Mia mbili na hamsini! Hiyo ni ndizi moja na konzi ya karanga. Nlivyoona ni ndogo hivyo woga ukapungua kidogo, maana kichwani nlikuwa nadhani kujenga mwili ni kula kama unalipwa.

(Kabla ya hapo nilipima figo na sukari hospitali, kwa sababu kwetu kuna historia ya presha. Kama figo zako zina shida usichukue hizi namba zangu, zungumza na daktari wako kwanza.)

Ila namba kwenye daftari na chungu cha nyumbani ni vitu viwili. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni Kariakoo, nikawa napima maharage yaliyoiva, napiga hesabu ya maharage makavu. Maharage makavu gramu 100 yana protini kama 21 hivi, ila yakishachemka yakanywa maji, gramu 100 za yale ya kwenye bakuli ni nane au tisa tu. Kwa hiyo kila siku nlikuwa najidhulumu zaidi ya nusu na daftari linasema nimefika. Wiki tano! Wali pia hivyo hivyo. Chakula kikibadilika uzito jikoni hesabu yake nayo inabadilika, pima kikiwa kibichi au tumia namba za kilichoiva, chagua moja.

Kosa la pili halikuwa la hesabu, lilikuwa la heshima.

Angalia sahani yetu ilivyo. Ugali au wali ndo chakula, kile kingine kinaitwa mboga, hata kama ni ng'ombe mzima bado ni mboga, kazi yake ni kuusindikiza ugali ushuke. Mlima wa ugali, vipande viwili vya nyama, mchuzi. Mtu anayetaka kujenga misuli anatakiwa aigeuze sahani, mboga iwe nyingi na mlima upungue. Sasa geuza wewe uone. Chungu ni kimoja, mko watano, nyama imekatwa kwa hesabu ya vichwa, na wewe baba mzima unachota vipande vinne kwa sababu una "malengo". Nilifanya siku mbili. Siku ya tatu mama watoto hakusema kitu, aliweka tu bakuli mbele yangu lote, akawapa watoto mchuzi. Nikaelewa somo bila mhadhara.

Hapo ndo dagaa waliponiokoa, na ningekuwa na uwezo ningewapa cheti. Dagaa wakavu gramu 100 wana protini kama 60, hakuna nyama mbichi inayofika hapo kwa uzito huo, kwa sababu maji karibu yote yameondoka. Bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Ila sio wote sawa, wale wa Mwanza wanaoanikwa chini wana mchanga mpaka meno yanalia, wale wa Kigoma wasafi zaidi lakini mfuko unaumia. Mi naenda Buguruni Jumamosi, naomba kuonja mmoja mkavu, nikisikia kokoto nahamia meza inayofuata. Nikifika nyumbani navuta kigoda, ungo magotini, nawatoa vichwa mmoja mmoja huku naangalia mpira, nawaosha maji ya vuguvugu mara tatu mpaka maji ya mwisho yaonyeshe chini ya beseni, nawachuja, nawakaanga na mafuta vijiko viwili mpaka wakianza kugongana kwenye kikaango wanalia kama changarawe, hapo naweka kitunguu, nyanya, ndimu, na pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua. Wakipoa nagawa kwenye makontena kwa mizani, gramu 50 za wale wakavu kila moja. Hiyo ni yangu. Chungu cha familia nachota kama wengine, ya kwangu inatoka kwenye kontena, na amani ikarudi nyumbani.

Siku yangu ya kawaida ikawa hivi. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha na kiazi kitamu, hapo protini kama 20. Nayachemsha, sinywi mabichi kama wale wazee wa zamani wa jimu, kwa sababu mwili unalitumia yai lililoiva vizuri zaidi kuliko bichi, ukiacha hatari ya kuugua tumbo. Mchana kwa mama ntilie, na hapa kuna siasa yake pia. Mwanzoni nlikuwa namwambia "dada, punguza wali ongeza maharage" ananiangalia kama nimemtukana mapishi. Siku hizi namwambia "dada yangu leo niwekee maharage ya mgonjwa", anacheka, anajaza bakuli hadi juu na samaki kipande, hapo tunaongelea gramu 40 na kitu. Jioni kabla ya jimu karanga za kukaanga konzi moja na ndizi. Karanga nakuonya, ni tamu na zina protini ndiyo ila ni mafuta tele, gramu 30 tu ni kalori 170 hivi, ukikaa na mfuko mbele ya luninga unamaliza chakula cha mchana bila kujua. Usiku ugali wa ngumi moja na nusu, mchicha au kisamvu, kontena langu la dagaa, na kabla ya kulala mtindi nusu lita. Inafika 125 bila kopo la unga wala kifua cha kuku. Kuku nakula Jumapili kama binadamu wengine.

Siku dagaa wakinichosha, na wanachosha, narudi kwenye makande. Bibi yangu alikuwa hajui neno protini ila mahindi yana upungufu wa kitu kinachoitwa laisini, kimoja ya vipande vinavyojenga protini, na maharage yanayo kwa wingi, vikikaa chungu kimoja kimoja kinaziba pengo la mwenzie. Weka na nazi kidogo, usizidishe kama unahesabu.

Sasa ile wiki ya kwanza ya plani. Nimeanza Jumatatu, Jumatatu inayofuata nimepanda kilo moja na nusu. Nilikaa kitandani na taulo kiunoni nataka kulia. Nikamwambia kocha basi, naacha, narudi kwenye kachumbari. Akaniambia "nipe wiki tatu, afu uniache." Kumbe ukitoka kwenye kujinyima ukaanza kula wanga, misuli inajaza akiba yake ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo inashika maji kama gramu tatu. Yalikuwa maji, pamoja na chakula chenyewe kilichopo tumboni. Wiki ya pili ilisimama, ya tatu ilipanda kidogo sana. Toka hapo siangalii uzito wa siku, napima kila asubuhi nikitoka chooni, naandika, Jumapili natafuta wastani wa siku saba nalinganisha na wastani wa wiki iliyopita. Nikiona unapanda gramu 200 hivi kwa wiki nimeridhika, hiyo inakaribia kilo moja kwa mwezi. Ukizidi sana napunguza ugali, usiposogea wiki tatu naongeza ndizi. Na mkanda wa fundi cherehani nimeutundika bafuni, kiuno na mkono, kila tarehe moja. Kama kiuno kinakua haraka kuliko mkono najua nimerudi kwa jamaa wa chipsi.

Ramadhani ndo ilitaka kunivuruga. Futari zetu mnazijua, mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, uji, ni wanga juu ya wanga na zote tamu, na mwenye nyumba akikualika huwezi kutoa kontena la dagaa mfukoni. Nikaamua kwenye futari nile kama mtu, kidogo kidogo, tende tatu na uji na kipande cha muhogo, afu mazoezi baada ya taraweh, mara tatu kwa wiki na mafupi. Chakula chenyewe kikawa baada ya mazoezi na daku. Daku ndo nlipoweka mayai manne na mtindi na maharage, saa kumi usiku, macho hayajafunguka vizuri, natafuna kwa sababu daftari limesema. Sikuongeza chochote mwezi ule ila sikupoteza pia, na Idd mkono ulikuwa palepale. Kwangu ulikuwa ushindi.

Usingizi sitausemea sana, ila wiki ambazo mtoto mdogo alikuwa anaumwa nalala masaa manne tu kwa usiku, chuma kilekile kilikuwa kinanielemea hata kama nimekula vilevile. Na kitu kingine, chakula bila kuongeza mzigo ni kunenepa tu. Kila nikifikisha marudio kumi na mbili kwa raha naongeza kopo dogo. Bila hivyo misuli haina sababu ya kukua, wali wako utaenda kwingine.

Sasa hivi ni mwaka na miezi miwili toka nishike daftari. Kilo 84, kiuno kimeongezeka sentimita mbili, mkono nne, pushapu napiga thelathini na tano na wale vijana hawapigi tena makofi, wamezoea. Ngozi ya tumbo bado imelegea kidogo, hiyo nadhani tutazeeka wote. Mwezi uliopita nilikuwa Tanga tena, mama mdogo akanishika bega akalibinya kama anachagua embe, akaniambia "dawa imekukubali eeh". Nimechoka kubishana, nikamwambia imenikubali mama.

Shida niliyonayo sasa ni nyingine. Jana Alhamisi nafungua friji, makontena mawili hayamo, na Jumamosi haijafika. Nauliza nani kala dagaa wangu, kimya. Mama watoto anakuna nazi hata hanyanyui kichwa, yule wa darasa la tano kasimama mlangoni anakunja mkono ananionyesha kakitu kadogo kamejitokeza hapo juu ya kiwiko. Kesho Buguruni itabidi nibebe mfuko mkubwa.